Morfini ya kuvuta kwa mgonjwa wa mapafu

Dada, umeuliza kama baba yako, ambaye mapafu yameharibiwa na sigara na sasa anahema hata akivaa shati, anaweza kuwekewa morfini, dawa kali ya maumivu ambayo pia hutumika kutuliza hali ya kukosa pumzi, kwenye nebulaiza, yaani mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu wa kuvuta, badala ya kuinywa. Wazo hilo lina mantiki, kwa kuwa dawa ingefika mapafuni bila kumletea usingizi mwingi wala kumfunga choo. Lakini mapitio ya tafiti ya mwaka 2001 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, hayakuona kwamba morfini ya kuvuta inaleta nafuu, ilhali ya kunywa na ya sindano zilisaidia kiasi. Tena, inaweza kubana njia za hewa. Hata ile ya kunywa usiitarajie makubwa: jaribio la mwaka 2022 lililotumia miligramu 8 au 16 kwa siku halikupunguza makali ya kukosa pumzi baada ya wiki moja.

Kwa hiyo usimimine morfini ya kunywa kwenye mashine. Muombe muuguzi amtazame baba anavyotumia pampu yake ya dawa ya kuvuta, maana wengi hubonyeza wakiwa wamekwisha kuvuta pumzi, na dawa huishia mdomoni. Nyumbani, feni ndogo ielekezwe usoni, naye aketi ameinama mbele, viwiko mezani, akitoa pumzi polepole kama anayepoza chai. Taabu ikizidi, daktari ndiye wa kuamua kuhusu morfini ya kunywa, kwa kipimo kidogo, pamoja na dawa ya kulainisha choo. Akisinzia hata kuamka kukawa kwa shida, mpelekeni hospitali mara moja.