Usinunue Jina: Namna ya Kukagua Gari la Michezo la Kijapani Kizazi kwa Kizazi

Muuzaji akisema "hii ni Nissan Skyline GT-R", usibishane naye. Fungua boneti utafute namba ya chesisi iliyogongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ikianza na BNR32, ni GT-R kweli ya kizazi cha R32. Ikianza na HCR32, hiyo ni Skyline GTS-t iliyovishwa bampa na nembo za kaka yake: injini ya lita 2.0, turbo moja, nguvu zinakwenda magurudumu ya nyuma tu. GT-R halisi ya kizazi cha R33 ni BCNR33, ya R34 ni BNR34. Ukiona ER34, yaani R34 isiyo GT-R, lipa bei ya ER34. Kwa Toyota Supra ya 1993 hadi 2002 namba haitoshi, maana JZA80 imegongwa kwenye yenye turbo na isiyo na turbo. Hapo utazame injini yenyewe: 2JZ-GTE, yenye turbo, ndiyo inayotafutwa, 2JZ-GE ni ile ile iliyosukuma saluni nyingi za Toyota.

Jina hubaki lile lile miaka 30, lakini gari lililo chini yake hubadilika kabisa. Kila kizazi kilitibu maradhi ya kilichotangulia kisha kikaleta yake. Ukishajua kizazi, unajua mkono uanze kugusa wapi.

Magari ya mwanzo tuyapitie haraka. Toyota 2000GT ya 1967, iliyotengenezwa pamoja na Yamaha, yalitoka 351 tu. Hayo ni ya makumbusho na matajiri. Datsun 240Z, iliyotoka mwishoni mwa 1969, ndiyo iliyowafanya wazungu waache kuicheka Japani, na sisi huku tuliiona ikishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na 1973 kwa Shekhar Mehta. Injini yake ya L24, silinda sita kwenye mstari, ni ngumu na rahisi kutengeneza: kabureta mbili, hakuna kompyuta. Adui yake ni kutu. Kagua chini ya betri, kwenye sakafu ya dereva, kwenye mbavu za chini na shimo la tairi la akiba. Pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa juu ya bodi. Pasiposhika, chini ya rangi pana puti na si bati. Injini ya L24 fundi yeyote mwenye akili ataifufua, lakini mbavu zilizooza zitakumalizia mfuko.

Mazda ilichukua njia yake peke yake: injini ya rota, yenye vipande vya pembe tatu vinavyozunguka badala ya pistoni. Ilianza na Cosmo Sport ya 1967, ikaja RX-7 ya 1978, na kilele kikawa RX-7 FD3S ya 1991 hadi 2002, yenye 13B-REW: rota mbili, sentimita za ujazo 1,308 tu, turbo mbili zinazopokezana. Kabla ya kuizungumzia bei, fahamu mambo matatu. Kwanza, injini hii hula oili kwa makusudi, kuna pampu inayoinyunyiza ndani ili kulainisha sili za ncha za rota. Pima oili kila unapojaza mafuta. Anayekuambia "hii haili oili hata kidogo" ana pampu iliyokufa au anakudanganya. Pili, kipima kompresheni cha kawaida hakifai. Kila rota ina nyuso tatu, na kipimo cha kawaida hukuonyesha uso bora tu huku kikificha ule mbovu. Unahitaji kipimo cha rota, injini ikiwa ya moto, ikizungushwa na stata kwa mizunguko takriban 250 kwa dakika. Kila uso uwe na shinikizo la angalau psi 100 hivi, na tofauti baina yao isizidi psi 20. Tatu, FD ikichemsha mara moja tu, sili hulegea. Kile kitangi cha plastiki cha kutenganisha hewa na maji ya rejeta hupasuka kwa uzee. Badilisha kwa cha aluminiamu kabla hujafanya jambo jingine lolote. Halafu kuna msitu wa mipira ya vakumu chini ya mfumo wa hewa. Mmoja ukikauka na kuchanika, turbo ya pili haiamki, na fundi asiyeijua atakuuzia turbo mpya bure.

Neno kwa wanaopima kompresheni Nairobi: mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kipimo chochote kitashuka takriban sehemu moja ya sita ya kile utakachokipata Mombasa kwa injini hiyo hiyo. Usiihukumu injini kwa namba ya kitabu. Linganisha silinda na silinda. Kwenye injini za pistoni, tofauti ya zaidi ya psi 15 kati ya ya juu na ya chini ni sababu tosha ya kurudisha ufunguo.

Mwaka 1989 ndio uliobadilisha kila kitu. Mazda ilitoa Roadster, inayojulikana nje kama MX-5, na Nissan ikatoa Fairlady Z ya Z32 na Skyline GT-R R32. Watengenezaji wa Japani walikubaliana wasitangaze zaidi ya nguvu za farasi 280, mapatano yaliyodumu hadi 2004. Karatasi ikaandika 280, chuma kikatengenezwa kwa zaidi. Ndiyo maana RB26DETT, injini ya GT-R, na 2JZ-GTE zinapenda kuchezewa, na ndiyo maana nyingi unazozikuta zimeshachezewa na mtu asiyejua alichokifanya.

R32 ilishinda mbio zote 29 ilizoshiriki za daraja la Group A katika ubingwa wa Japani. Udhaifu wake unajulikana kwa majina. Turbo zake mbili zina magurudumu ya seramiki upande wa egzosi. Shinikizo likipandishwa kufikia baa 1 au zaidi, seramiki hubanduka na vipande vyake huharibu vilivyo karibu. Uliza imewekewa shinikizo gani, kisha usiamini jibu, tafuta kifaa cha kupandishia. Krenki za mwanzo zina sehemu fupi ya kuzungushia pampu ya oili, na pampu hupasuka gari likizungushwa hadi mwisho mara kwa mara. Dawa ni kola ndefu zaidi kwenye krenki na pampu imara, kazi inayofanywa injini ikiwa chini. Silinda ya sita, ya nyuma kabisa, ndiyo inayoungua kwanza. Ichunguze plagi yake kuliko zote. Ikiwa nyeupe wakati nyingine ni za kahawia, ilikuwa ikinyimwa mafuta.

Mfumo wa ATTESA E-TS wa GT-R huliendesha gari kwa magurudumu ya nyuma na kupeleka nguvu mbele yanapoteleza. Unataka matairi manne ya aina moja na uchakavu unaofanana. Sheria hii ni ya Subaru pia, na ndiyo inayovunjwa zaidi: tairi mbili mpya mbele, mbili za zamani nyuma, na baada ya miezi difu ya kati imeungua. Zungushia utepe wa kupimia kila tairi. Mzingo usitofautiane zaidi ya milimita 6.

Supra nayo ina vizazi viwili vinavyochanganywa. A70 ya 1986 yenye 7M-GTE ilitoka kiwandani na bolti za hedi zilizokazwa pungufu, na gasketi huchoka. Kama haijawekewa gasketi ya chuma na bolti kukazwa upya, hesabu gharama hiyo ndani ya bei. A80, ile ya 1993 hadi 2002, haina ugonjwa huo. Bloku yake ni ya chuma cha kusubu, mzito na mvumilivu. Kwenye jaribio la barabarani, kanyaga gia ya tatu kutoka mizunguko 2,500 na usikilize karibu na 4,000, pale turbo ya pili inapoingia. Nguvu zikizama na zisirudi, tafuta mpira wa vakumu au vali iliyokwama kabla ya kuitukana turbo. Na kwa wenye 2JZ-GTE ya zamani isiyo na VVT-i (mfumo wa kubadilisha wakati wa kufunguka vali), taimingi belti ikikatika vali hazigongani na pistoni. Yenye VVT-i hukuachia vali zilizopinda. Supra mpya ya 2019 ni jambo tofauti kabisa. Injini zake, ikiwemo B58, ni za BMW, kwa hiyo ukitafuta spea zake usianzie kwa wauza spea za Toyota.

Sasa Subaru, maana ndiyo wengi wetu tutakayoinunua kweli. Kenya haikubali gari lililotumika lipitalo miaka 8 tangu lisajiliwe, kwa hiyo GC8 (Impreza WRX ya kizazi cha kwanza) au R34 unayoikuta Nairobi haiwezi kuwa imetoka melini juzi. Bei nazo zilipandishwa na Marekani: sheria yao huruhusu gari la nje likitimiza miaka 25, na R34 za 1999 zilifunguliwa mlango 2024. Impreza bado iko mikononi mwa watu wa kawaida, na heshima yake huku ilijengwa na madereva Colin McRae, aliyeshinda Safari Rally 1997, na Richard Burns, aliyeishinda 2000.

Injini za EJ zilianza na Legacy ya 1989, zikaingia Impreza WRX ya 1992, na EJ20 ikadumu Japani hadi toleo la mwisho la magari 555 lililotangazwa 2019. Kati ya EJ20 yenye turbo na EJ25 yenye turbo, chukua EJ20. Ile ya 2.5 ina matundu mapana ya silinda na pistoni zenye kingo nyembamba kati ya ringi; ikinoki, yaani mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda, silinda ya nne ndiyo inayopasuka kingo. Jaribu hivi: injini ikiwa ya moto na ikinguruma taratibu, fungua kifuniko cha oili. Moshi ukipuliza kwa mapigo kama mtu anayevuta sigara, gesi inapita pistoni. Funga, ondoka.

Vipimo vingine vya EJ havihitaji zaidi ya tochi na subira. Washa gari likiwa baridi kabisa. Gusa injini kwanza, muuzaji mjanja huipasha moto kabla hujafika. Kugonga kwa sekunde chache halafu kutulia mara nyingi ni pistoni zikisubiri joto. Mlio mzito wa kugonga usioondoka, unaosikika zaidi ukishika mizunguko 2,500 hadi 3,000 injini ikiwa ya moto, ni beringi za konrodi. Angalia kitangi cha maji ya rejeta baada ya kupanda mlima: viputo visivyoisha maana yake gasketi ya hedi. Taimingi belti ni ya kilomita 100,000, ila usikubali "belti tu". Badilisha puli zote, tensheni, pampu ya maji na thamostati halisi kwa pamoja, kwa sababu puli ikikwama belti mpya hukatika, na EJ ni ya kugongana vali.

Turbo ikifa kwenye Legacy ya EJ20X au Forester ya 2.5, uliza sababu kabla ya kuweka nyingine. Kuna bolti yenye tundu inayopeleka oili, na ndani yake kichujio kidogo cha wavu. Oili ikicheleweshwa kubadilishwa, wavu huziba na turbo hukaushwa. Weka mpya bila kusafisha hapo, nayo itakufa. Bomba la kunyonya oili ndani ya sampu nalo hupasuka kwenye kiungo chake. Sampu ikishushwa kwa sababu yoyote, liweke la chuma kizito. Legacy za turbo mbili za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000, zile za BG5 na BH5, ziache kwa wenye fundi wa nyumbani.

Mitsubishi Lancer Evolution, kwa ufupi: injini ya 4G63T hadi Evo IX ni bloku ya chuma, Evo X ya 2007 ni 4B11T ya aluminiamu. Kwenye Evo VII hadi IX, sikiliza pampu ya AYC (mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya nyuma) nyuma. Huoza, na ni ghali. Honda S2000 yenye injini ya lita 2.0 inapaswa kuzungushwa hadi mizunguko 9,000, kwa hiyo usiogope kufanya hivyo ikishapata joto. Ogopa aliyeshusha gia vibaya ikapita hapo. Toyota 86 na Subaru BRZ za 2012 na 2013 ziliitwa kiwandani 2018 kwa ajili ya springi za vali. Uliza kama kazi ilifanywa, na ilifanywa na nani, kwani gundi ya kufungia ikizidi huziba njia ya oili.

Unaponunua mnadani Japani, soma karatasi ya mnada, usisome tangazo. Daraja 4 na 4.5 ni nzuri. R au RA maana yake liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni bati lililonyooshwa, XX ni kipande kilichobadilishwa, S ni kutu. W3 (namba ni ukubwa wa kasoro) kwenye mlango hainitishi. XX kwenye boneti na bampa pamoja, kwenye gari la kasi, inanitisha.

Petroli: magari haya yalipangwa kwa mafuta ya Japani ya oktani 98 hadi 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifiki hapo, kwa hiyo usiongeze shinikizo la turbo, na ukiweza mpe fundi wa kompyuta apunguze taimingi ya cheche za plagi kabla pistoni haijapunguza yenyewe.

Wiki ya kwanza ukishalipa, mwaga kila kitu. EJ20 huchukua oili ya injini kama lita 4 hadi 4.5. Giaboksi ya mkono ya gia 5 hushirikiana oili na difu ya mbele: lita 3.5 za 75W-90 ya GL-5, na difu ya nyuma lita 0.8. Otomatiki ya gia 4 ni tofauti: difu ya mbele ina oili yake peke yake, kama lita 1.2, na kijiti chake kidogo cha kupimia kimejificha kando ya giaboksi. Mafundi wengi hawajui kama kipo. Wengine hufungua bolti isiyo yake, wakamwaga oili ya giaboksi wakidhani ni ya injini, kisha wakaijaza injini lita 4 nyingine juu ya zilizokuwamo. Simama pale chini na tochi mpaka bolti sahihi ifunguliwe.