Barua kwa mwanangu: Uliniuliza baba yako nilimsamehe lini

Mwanangu,

Asalaam aleykum. Nyumbani hatujambo. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, mwembe wa uani umepukutisha maua, na sijui kama mwaka huu tutakula embe. Dada yako alikuja juzi na wanawe, wakanimalizia vileja vyote nilivyokuwekea.

Ijumaa uliniuliza, "Mama, hivi Baba ulimsamehe lini?" Nikakujibu sikusikii vizuri, mtandao unakatakata. Nilikusikia. Watu huniuliza kama nilimsamehe, na hilo jibu lake jepesi, unasema alhamdulillahi nilimsamehe, mnaendelea na chai. Wewe umeuliza lini. Siku ya nne leo naligeuzageuza hilo neno.

Ulisema swali limekujia baada ya kutazama ile filamu ya Hawaii, The Descendants, iliyoongozwa na Alexander Payne mwaka 2011. Nikamwomba mpwao aniwekee kwenye kompyuta yake. Nimeitazama mara mbili, mara ya pili peke yangu, nikiisimamisha kila nilipotaka kusoma maandishi ya chini. Kiingereza changu cha ualimu bado kipo, ila wale wanasema upesi.

Nimeielewa hivi. Matt King, ambaye George Clooney ndiye anayemwigiza, mkewe Elizabeth amepata ajali ya boti na amelala hospitali bila fahamu. Daktari anamwambia hataamka tena, na mwenyewe alikwisha andika kwamba ikifika hapo mashine zizimwe. Matt yuko katika kuwatafutia watoto maneno ya kuwaambia, ndipo binti mkubwa, Alexandra, anapomweleza kwamba mama yao alikuwa na mwanamume mwingine. Yule baba anatoka nyumbani mbio, anateremka barabara anahema, aende kuwauliza marafiki kama ni kweli. Wengine huenda wanacheka pale kwa jinsi anavyokimbia. Mimi niliweka mkono mdomoni, kwa sababu najua mbio zile. Mtu hukimbia hivyo akijua jibu tayari.

Sasa nikusimulie ambayo sikukusimulia. Ulikuwa na miaka 21, mengine uliyaona kwa macho yako, lakini uliyaona kwa upande wa nje.

Baba yako alipopata kiharusi, mwaka 2014, alilala wodini siku 11. Upande wa kulia ulikufa, ulimi ukafa, macho yakabaki yanatazama. Simu yake nikawa nayo mimi. Asubuhi ya siku ya tatu ukaingia ujumbe: "Mume wangu, mbona kimya?" Namba haikuwa na jina. Nikatoka nje, nikakaa kwenye kile kibaraza wanapokaa wanaosubiri kuona wagonjwa, nikaanza kurudi nyuma, ujumbe kwa ujumbe. Miaka mitatu. Pesa zilikuwa zinatumwa kila mwisho wa mwezi, tena kwa mpangilio kama mshahara. Mwezi ule nilipouza cherehani yangu ili ada yako ya kidato cha sita itimie, yeye alituma kwenye ile namba laki na nusu. Mapenzi yao yaliniuma, lakini kilichonikata maini ni ile cherehani. Mpaka leo nikisikia cherehani ya jirani inaserereka, kuna kitu kinakaza hapa kifuani.

Nikarudi wodini na simu mkononi, nikamwonyesha. Nikamwuliza, huyu nani? Alikuwa ananitazama. Chozi likatoka jicho la kulia, likateremka mpaka sikioni. Nikasema moyoni, basi, ameomba radhi. Jioni nilimpangusa tena, na tena, na muuguzi aliponiona akaniambia jicho lisilofumba vizuri hutoa machozi lenyewe, nisihangaike. Kwa hiyo mwanangu, mimi sijui. Sijui kama baba yako alilia au lilikuwa jicho tu.

Katika ile filamu Matt anasimama kando ya kitanda anamfokea mkewe asiyesikia. Anamwita kila jina. Ulisema sehemu ile ilikuchukiza, mtu kumfokea mgonjwa. Mimi haikunichukiza. Yule mtu amenyang'anywa hata ugomvi wake. Ugomvi unataka wa pili, ajibu, akane, aseme uongo, atupe kikombe. Ukikosa wa pili unabaki na maneno yako yanakuoza mdomoni. Mimi wodini sikufoka, palikuwa na watu. Nilifoka baadaye, nimekaa eda, usiku, mbele ya ile kanzu yake ya Ijumaa iliyokuwa inaning'inia kwenye msumari. Naiambia kanzu: sema basi, sema. Miezi 4 na siku 10 nimekaa ndani, kizuka, nimevaa nyeupe, wanawake wanakuja kunihani kwa mume mwema, na mimi usiku nagombana na nguo.

Sasa turudi siku ya maziko. Unakumbuka ami yako aliposimama kabla ya jeneza kuinuliwa? Akasema marehemu alikuwa binadamu, mwenye kumdai ajitokeze, na aliyemkosea tunamwomba amsamehe. Watu wa nje wakaitikia, tumemsamehe. Wanawake ndani wakaitikia. Nilikuwa nimekaa chini ya dirisha, maneno nayasikia yote, na mdomo wangu haukufunguka. Bibi yako alikuwa amenishika mkono, akadhani ni kilio. Yule niliyelala naye miaka 27 alitoka nyumba hii watu wote wamemsamehe isipokuwa mimi. Nililijua hilo wakati ule ule, na liliniogopesha, kwa sababu nafahamu haki ya mja ina uzito gani. Lakini sikuweza kusema uongo mbele ya maiti.

Kisha ile hitima ya siku ya tatu, ambayo wewe ndiyo unayoikumbuka. Yule mwanamke alikuja. Alikaa karibu na mlango, ndala zake amezivua akaziweka pembeni kabisa, kama mtu aliyekwisha jua atatoka haraka. Mnong'ono ukapita ukumbi mzima, nikajua kwamba nusu ya mtaa walikuwa wanajua kabla yangu. Juzuu zilikuwa zinagawiwa. Ikabaki moja. Nikainuka, nikaenda nikampa mkononi. Ulikuwa umesimama na birika la kahawa, ukanitazama, na macho yako yakajaa. Miaka yote hii umeamini siku ile ndiyo niliyosamehe, na umewahi hata kumsimulia shangazi yako, nilikusikia nikiwa jikoni, sikukukatiza.

Haikuwa hivyo. Juzuu zote 30 zilitakiwa zisomwe, ilibaki moja, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa mkono mtupu. Tena nilikuwa naona haya mbele za watu. Ilikuwa adabu niliyolelewa nayo, na adabu ni kitu kikubwa, sikidharau, ilinibeba siku zile ambazo miguu ilikuwa hainibebi. Ila usiite msamaha.

Ndiyo maana yule Julie kwenye filamu amenigusa kuliko wote. Ni mke wa yule mwanamume, Brian. Mumewe hakuja hospitali, akaja yeye, na maua mkononi, akasimama kitandani kwa yule aliyetaka kumvunjia nyumba, akasema nakusamehe. Halafu sauti ikampanda. Anasema nakusamehe kwa kutaka kunichukulia mume, nakusamehe kwa kutaka kuivunja familia yangu, na kila nakusamehe inatoka kama kofi, mpaka Matt ikabidi amkatize amtoe. Alikuja na nia safi. Ila alikuja mapema, jeraha bado bichi. Nilimwonea huruma nikataka kumshika bega. Na huyo mumewe, alipoulizwa na Matt, jibu lake ni kwamba ilitokea tu. Laki na nusu kila mwisho wa mwezi haitokei tu.

Kitu kingine kwenye filamu ile ambacho nadhani kilikupita. Baba mzazi wa Elizabeth, mzee mkali, anamwambia Matt usoni kwamba binti yake alikuwa mke mwaminifu na alistahili mume bora kuliko yeye. Matt anajua kila kitu. Angeweza kumwangusha yule mzee kwa sentensi moja. Anaitikia tu kwamba kweli, alistahili zaidi. Mwanangu, nilisimamisha filamu hapo nikatoka uani. Kwa sababu bibi yako alikuwa anakuja kila alasiri katika eda yangu, anaketi kwenye kile kiti cha ukindu, anasema: mwanangu hakuwa na makuu, mwanangu hakujua mwanamke mwingine. Nami nammiminia chai. Alifariki bila kujua. Wapo watakaoniambia nilijidhulumu. Labda. Lakini mama aliyemzika mwanawe, mimi nimpokonye na ule mwana aliyebaki naye kichwani? Katika yote niliyoyafanya mwaka ule, hilo ndilo sijawahi kulijutia, hata usiku mmoja.

Basi lini? Nilipotoka eda sikuwa nimesamehe. Tulipogawa mirathi sikuwa nimesamehe, nilipokea thumuni yangu nikahisi kama nalipwa deni la cherehani. Nilikuwa nikisali nawaombea maiti wangu mmoja mmoja, babu yenu, bibi yenu mzaa mama, kaka yangu aliyezama Pangani, nikifika kwa baba yako naruka. Naruka kwa makusudi, nikijua naruka. Ikaja Ramadhani ya kwanza, naruka. Ikaja ya pili. Alfajiri moja nimemaliza sala, nimekaa kwenye mswala, napitisha majina kwa usingizi usingizi, nikasikia ulimi wangu umelitaja jina lake baada ya la kaka yangu na kuendelea mbele. Nikasita. Nikarudia tena kwa kusudi, kuona kama litapita. Likapita. Sikulia wala sikuhisi mwanga wowote. Nikainuka nikaenda kuloweka kunde.

Hiyo ndiyo tarehe yangu, kama unataka tarehe. Na baada ya hapo zimekuwepo siku nimeruka tena. Mwaka jana ulipopandishwa cheo kazini, nilifurahi, na usiku nikakumbuka ile ada, nikaruka jina wiki nzima. Halafu likarudi. Yule mwanamke naye tunakutana soko la Mgandini, tunasalimiana, ananiuliza hali yako, namjibu. Siku nyingine napinda kona nyingine ili tusionane. Kwake sijafika nilikofika kwa baba yako, na sijui kama ninadaiwa kufika.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe hukati simu bila kusema mkwe wangu ananisalimu. Ijumaa hukusema. Umezungumza nami dakika arobaini, jina lake halikutoka hata mara moja. Sikulazimishi kunijibu, na wala sitampigia dada yako kumwuliza. Lakini kama swali lilikuwa lako na si langu, basi habari yangu isikudanganye. Mimi nimemsamehe maiti. Elizabeth naye yule mumewe alipombusu kumuaga, alikuwa anakwenda, harudi. Maiti hatakuongopea tena Jumatatu. Hatatuma pesa tena mwisho wa mwezi. Nilikuwa na muda wote duniani na hakuna aliyekuwa akinizidishia kidonda. Aliye hai ana mdomo wa kuomba radhi, ana mikono ya kurudisha alichochukua, na asipofanya hayo, msamaha wako anaulalia kama godoro. Najua utaambiwa uvumilie. Watakuja wanawake wa umri wangu, watakaa nawe vizuri, watakwambia hata mama yako alivumilia, tazama alivyompa yule juzuu kwa mkono wake. Waambie mama yako amekuandikia mwenyewe kwamba haikuwa hivyo. Sikuvumilia, sikujua. Ningejua mapema, akiwa mzima, sijui ningefanya nini, na hakuna mtu mwenye haki ya kukuambia mama yako angefanya nini.

Ukitaka kuja, njoo. Hata usiku, hata bila kuaga. Nitakufuata stendi ya Kange nikupokee, usipande bodaboda na mizigo.

Kule mwisho wa filamu, baada ya majivu ya Elizabeth kumwagwa baharini na mashada ya maua kuelea juu yake, wale watatu wanakaa kwenye kochi, baba na mabinti zake, wanatazama televisheni na kula aiskrimu, na blanketi waliyojifunika ni ile ile iliyokuwa kitandani hospitali. Hawaisemi. Wanaivuta tu, kila mmoja apate. Uliniambia hukuelewa kwa nini wamemaliza pale.

Kile kikoi cha buluu ninachokutandikia kila ukija, kile unachosema kinakuletea usingizi mzuri, ndicho kilichokuwa kinamfunika baba yako wodini. Nilikileta nyumbani nikakifua, kisha sikuweza kukigawa na nguo zake nyingine. Nimekifua tena jana. Kipo kwenye kamba, kikikauka nitakitandika.

Mama yako