Kwako uliyekabidhiwa faili la ithibati

Najua ulivyoipata kazi hii. Kikao cha idara kilikuwa kinaelekea kufungwa, mwenyekiti akauliza nani atakuwa mratibu wa ubora, wakubwa wote wakainamia simu zao, na wewe uliyeajiriwa juzijuzi ukabaki umeinua kichwa. Nami nilinaswa vivyo hivyo. Nilikuwa mkufunzi msaidizi mwenye kompyuta mpakato inayokaa na chaji, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu kubwa. Nimelibeba faili hilo miaka 11 sasa, katika vyuo viwili vya sayansi za afya hapa Dar es Salaam.

Anza kwa kujua nani anakuja kukutazama, maana watu hulisema neno "ithibati", yaani kutambuliwa rasmi kwa chuo na programu zake, kana kwamba ni muhuri mmoja. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoanza mwaka 2005 na kurithi kazi za Baraza la Ithibati ya Elimu ya Juu la mwaka 1995, ndiyo inayokitambua chuo na kupitisha programu za shahada. Kama chuo chenu kinafundisha pia cheti na stashahada, huko utakutana na NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Lakini mhitimu wako hamgusi mgonjwa kwa sababu TCU imeridhika. Daktari atasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, muuguzi na mkunga na baraza lao, mfamasia na Baraza la Famasi, na kila baraza lina jicho lake. Tume itakuuliza habari za mtaala, sifa za walimu, maktaba na uongozi; baraza litataka kujua mikono ya mwanafunzi imefanya nini. Nimeona programu iliyopangwa kwa kufuata mwongozo wa upande mmoja tu ikalazimika kurudishwa Seneti ya chuo, huku wanafunzi wa mwaka wa kwanza wameshaanza masomo. Weka miongozo yote mezani tangu siku ya kwanza.

Kuna na jicho la mbali. Mwaka 2010 chombo kinachohakiki vyeti vya madaktari waliosomea nje ya Marekani wanaotaka kufanya kazi huko kilitangaza kwamba kitaangalia pia kama chuo cha mwombaji kina ithibati ya chombo kinachotambuliwa na Shirikisho la Dunia la Elimu ya Udaktari. Wanafunzi wako wanalijua hilo kuliko wewe. Watakuuliza kwenye kikao cha wazi, mbele ya makamu mkuu wa chuo, kwa hiyo uwe umeshasoma.

Sasa nikusimulie aibu yangu, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi.

Ripoti yangu ya kwanza ya tathmini ya ndani ilikuwa na kurasa 118. Niliiandika kwa wiki mbili, mara nyingi usiku, na sehemu kubwa niliitoa kwenye mpango mkakati wa chuo nikibadilisha "itafanya" kuwa "imefanya". Mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki hutumia alama 1 hadi 7, na 4 maana yake ni kwamba unakidhi kinachotakiwa. Mimi nilitupa 6 karibu kila mahali. Nilidhani 4 ni alama ya watu wavivu.

Wageni wa kututathmini walikuja watatu. Mmoja alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa ukunga kutoka nchi jirani, mpole, aliyekunywa chai yetu yote bila kuuliza swali. Baada ya chai akaomba logibuku kumi, vile vitabu ambamo mwanafunzi huandika matendo aliyoyafanya wodini na msimamizi husaini, za wanafunzi wa mwaka wa tatu, yeyote tutakayempata. Tukazileta kwa furaha kwa sababu zote zilikuwa zimejaa. Akazipanga mezani, akafungua ukurasa wa kuzalisha, akaanza kuzisoma kwa kidole. Kalamu ya bluu ileile, saini ileile, na katika sita kati ya zile kumi tarehe ileile: 7 Julai. Sabasaba.

Mratibu wetu wa mafunzo kwa vitendo akawahi kusema kwamba hospitali haifungwi sikukuu. Mama yule akakubali. Kisha akauliza kama msimamizi huyo mmoja alisimama kwenye vitanda sita kwa wakati mmoja, maana safu ya muda nayo ilikuwa imejazwa, na wote sita waliandika saa nne asubuhi. Hakuna aliyejibu. Feni ya ukumbini ndiyo iliyoendelea kuongea.

Tulipewa ithibati yenye masharti, na miezi iliyofuata nilijifunza kitu ambacho kurasa zangu 118 hazikukigusa. Yule msimamizi hakuwa tapeli. Alikuwa muuguzi wa hospitali, mwenye zamu yake na wagonjwa wake, tuliyemwongezea wanafunzi bila kumpunguzia chochote. Logibuku yetu ilidai saini kwa kila tendo, ikiwa na matendo mengi mno, katika kitabu kikubwa kisichoingia mfukoni mwa koti. Mwanafunzi alikiacha hosteli. Siku ya mwisho ya mzunguko wa wodini wanafunzi wakampelekea msimamizi vitabu vyote kwa pamoja, naye akasaini kwa huruma. Sisi tuliunda mazingira ambayo mtu mwema hawezi kusaini kwa ukweli, halafu tukajipa 6.

Kwa hiyo ukitaka kujua ubora wa programu yako uko wapi, nenda wodini kabla hujafungua templeti ya ripoti. Omba ruhusa, keti na muuguzi kiongozi wa wodi ya wazazi, mwombe hesabu tu, bila majina ya wagonjwa: ni wangapi hujifungua hapa kwa wiki, na wanafunzi wangapi huletwa, wa vyuo vingapi. Hospitali za rufaa za mikoa hapa jijini hupokea wanafunzi wa vyuo zaidi ya kimoja, pamoja na madaktari watarajali ambao nao wanahitaji kujifunza kwa mikono yao. Kisha piga hesabu. Tuseme mzunguko ni wa wiki nne, wanafunzi ni 45 kutoka vyuo vitatu, na kila mtaala unamtaka mmoja azalishe mara 10. Hiyo ni mara 450. Kama wodi, katika zamu ambazo wanafunzi wapo, inapata akina mama 200, hakuna nidhamu wala semina itakayozaa hao 250 waliobaki. Watazaliwa kwenye karatasi, siku ya Sabasaba. Dawa yake ni kuongeza vituo, kupanga zamu za usiku, kukubaliana ratiba na vyuo vingine, au kupunguza idadi na kutenga yale ambayo mwanafunzi anaweza kuanza kuyafanyia mazoezi kwenye mwanasesere wa maabara ya stadi. Hesabu hii ya nusu ukurasa ina thamani kuliko sura nzima ya "dira na dhamira".

Ukifika kwenye mitihani, fanya jaribio dogo. Chukua tendo moja kwenye mtaala, tuseme "mwanafunzi ataweza kuweka mpira wa mkojo", halafu tafuta ni wapi lilipimwa. Ukikuta limepimwa kwa swali la kuchagua jibu, umepata pengo la kuandika. George Miller, mtaalamu wa elimu ya udaktari, aliieleza tofauti hii mwaka 1990 kwa piramidi yake: kujua, kujua namna, kuonyesha, kutenda. Mtihani wa vituo, ule tunaouita OSCE, ambao mwanafunzi hupita kituo kwa kituo akipewa kazi ya kufanya, uliasisiwa na Harden na wenzake miaka ya sabini kwa ajili ya ngazi hiyo ya kuonyesha. Vyuo vingi tunao sasa. Tatizo ni kwamba tukikosa watahini tunageuza vituo vingi kuwa vya kuandika, na mtihani unabaki na jina lake bila kazi yake. Hesabu vituo ambavyo mwanafunzi anagusa kitu au anazungumza na mtu. Kuhusu uchambuzi wa maswali, nitasema moja tu: swali wanalokosa wanafunzi bora na kulipata walio dhaifu, angalia kwanza ufunguo wa majibu kabla ya kumlaumu mtu. Mara nyingi kosa ni letu.

Angalia na mzigo. Katika mfumo wetu krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, usiku wa zamu ukiwemo. Jumlisha saa halisi za mwaka wa kliniki uone. Mimi nilipozijumlisha nilizirudia mara mbili nikidhani kikokotoo kimeharibika.

Madodoso ya wanafunzi yatakuchosha. Wengi watazungushia 5 chini hadi juu bila kusoma, na hawana kosa. Katika chuo kimoja nilikuta miaka mitatu mfululizo wanafunzi wameandika kwamba kipindi cha saa nane mchana kinagongana na kliniki, kwa hiyo kila wiki wanachagua kipi wakikose. Miaka mitatu, na madodoso yamefungwa vizuri kwa riboni kabatini. Tulipokihamishia saa kumi na moja, tukabandika tangazo: mlilalamika hivi, tumefanya hivi, na haya mawili hatujayaweza kwa sababu hizi. Muhula uliofuata maandishi kwenye nafasi ya maoni yaliongezeka, na lugha ikawa kali zaidi, jambo lililowaudhi baadhi ya walimu. Mimi nililichukulia kama dalili nzuri.

Kuhusu ushahidi, usiupike. Muhtasari wa kikao uandikwe wiki ya kikao, usainiwe, uingie kwenye hifadhi ya chuo, si kwenye flashi ya mtu. Mtangulizi wangu alikwenda kusoma nje na flashi yake ikiwa imeshika kumbukumbu za watahini wa nje za miaka miwili. Alizituma, lakini wageni walikuwa wameshaondoka. Jenga urafiki na mama wa masijala na fundi sanifu wa maabara. Profesa atakuambia idara ina hadubini 30. Fundi atakuambia ni ngapi zinawaka.

Walimu wenzako watakubandika jina la polisi. Wakubwa wengine watakufokea kwamba walikuwa wakifundisha kabla hujazaliwa, na ni kweli. Shikamoo itangulie, kisha nenda na swali badala ya fomu. "Profesa, hili somo lako wanafunzi wanakwama wapi?" Utapata majibu ambayo hakuna dodoso lingeyaleta, nawe utakwenda kuijaza fomu mwenyewe.

Wiki ya ugeni usipake rangi kuta. Harufu ya rangi mbichi ndiyo kitu cha kwanza wanachokiandika, hata kama si kwenye ripoti. Usiwafundishe wanafunzi majibu. Wakihojiwa watajikwaa kwenye neno la tatu. Panga magari kwa akili: kama kituo chenu cha mafunzo kiko upande wa Kibamba na wageni wamelala Upanga, na ni wakati wa masika, bonde la Jangwani lililo njiani likijaa maji ratiba yako ya saa mbili asubuhi imekufa. Uwe na njia ya pili, na uwe na chai ya akiba. Kutembelea ana kwa ana si ushamba wa watu wasioamini barua pepe. Abraham Flexner, mwanaelimu wa Marekani, alipotathmini shule za udaktari za Marekani na Kanada, ripoti yake ya 1910 ilihusu shule 155, na alizifuata huko huko ziliko.

Mara ya pili walipokuja, tulikuwa tumebadilisha logibuku kuwa kadi ngumu inayoingia mfukoni, matendo yamepunguzwa, saini ni palepale kitandani. Zilikuwa kadi mbaya kutazama. Kalamu za rangi zote, nyingine imeloa, na mapengo mengi. Mgeni mmoja akauliza kwa nini wanafunzi wawili hawajatimiza idadi. Nikamwonyesha ukurasa wetu uliotaja hao wawili kwa namba zao, sababu, na tarehe walizopangiwa kurudi wodini. Hapo tulikuwa tumejipa 4. Akapiga tiki, akafungua ukurasa mwingine.

Ripoti yao ikija, isome siku hiyohiyo ukiwa na kalenda ya bajeti pembeni. Kila pendekezo liandikiwe mtu mmoja mwenye jina, siyo "idara husika", na kifungu cha fedha. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na makadirio hufungwa miezi kadhaa kabla. Pendekezo lisilo na fedha likikosa dirisha hilo linalala mwaka mzima, hata kama Seneti yote imelipigia makofi. Ripoti yetu ya mwisho ilifika Agosti. Hadubini nne tulizoambiwa tununue bado ziko kwenye mpango kazi, safu ya mwisho kulia, ambako jina langu ndilo lililoandikwa.