Tulimfungia mjomba siku tatu

Wahariri salamu. Wiki hii mmeuliza kati ya pombe na dawa za kulevya kipi kinaharibu zaidi afya za watu mtaani kwako. Mimi nilishapita zangu maana sio mtu wa kujibujibu, mpaka nikasoma jibu la ndugu mmoja anasema mlevi dawa yake ni kumfungia ndani wiki nzima bila tone, akitoka hapo atakuwa mtu. Na watu wamempongeza, eti huyo ndo anajua. Nikashindwa kulala. Kwa hiyo najua nitajibu swali pembeni kidogo, mtanivumilia.

Niseme kwanza mimi ni wa Newala, sa hivi naishi Mtwara mjini. Mtu wa huku akikwambia hajawahi kuonja uraka, ama ni mgeni ama kuna mtu anamuogopa hapo karibu. Korosho zikianza kudondoka, tuseme Oktoba, korosho yenyewe inaenda chama cha msingi kusubiri mnada, ila bibo, lile tunda lenyewe linaloshika korosho, halina mnada, linabaki chini ya mkorosho na nzi wake. Basi linakamuliwa, maji yakilala yanachacha, huo ndo uraka. Nipa ni kitu kingine. Nipa ni huo uraka umechemshwa kwenye pipa, mvuke ukapitishwa kwenye bomba lililopozwa na maji, kinachodondoka ukikiwashia kiberiti kinawaka. Ni gongo, ni marufuku, na kila kijiji watoto wa darasa la pili wanaijua nyumba inayouza. Huwa nakereka sana mtu akiweka uraka na nipa kapu moja. Uraka ni kinywaji cha wazee, cha ngoma, cha wakwe. Ndo msimamo wangu huo, au ulikuwa, maana naona hapa ninavyoandika unaanza kuyumba.

Sasa mjomba. Kwa wasiotujua, sisi Wamakonde ukoo unaenda kwa mama, na mjomba sio tu kaka wa mama anayekuletea pipi. Ndo mwenye sauti. Mimi alinipeleka jandoni yeye, mahari yangu aliihangaikia yeye, baba alikuwepo ila neno la mwisho lilikuwa la mjomba. Naomba mlishike hilo maana bila hilo hamtaelewa aibu yangu.

Mjomba alianza na uraka kama wote. Mimi niliyasema hayo kwenye vikao mara nyingi kwamba "alikuwa anakunywa uraka tu, nipa ndo imemharibu", kana kwamba kuna siku mtu alikuja na nipa akamvizia porini. Alikuwa fundi mzuri wa kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, mashine mgongoni tangu alfajiri kabla jua halijachomoza, watu wanampigia foleni. Baadaye vikaja viroba, pombe kali ya kwenye kale kafuko kanakokaa mfuko wa shati. Viroba vikapigwa marufuku Machi 2017, tukashangilia, mjomba akahamia nipa moja kwa moja, maana ilikuwa rahisi na iko jirani. Mwaka uliofuata mikono ilikuwa inatetemeka asubuhi kiasi kwamba chai hawezi kuishika mpaka azimue. Akipiga nusu glasi mikono inatulia, anakuwa mpole, anasalimia watu vizuri. Sisi tukaona ni uhuni. Kumbe ile asubuhi ndo ilikuwa inatuambia kila kitu, hatukuwa na masikio.

Desemba 2018, msimu ule serikali ilinunua korosho zenyewe kwa 3,300 kilo na wanajeshi wakaja kubeba, wote mnaukumbuka. Mimi nikapanda kijijini likizo. Tukakaa kikao, mama, mama mdogo, wapwa wanne, bibi yupo kwenye mkeka anasikiliza. Mwenye maneno mengi nilikuwa mimi maana nimetoka mjini. Nikasema huyu hana nia, tumsaidie nia. Nikanunua komeo, shilingi elfu mbili, nikalipiga mlangoni kwa nje kwa mkono wangu. Ijumaa jioni tukamwambia mjomba aingie aone kitanda kipya. Akaingia. Nikafunga.

Hakufoka, ndo kitu kinaniuma mpaka leo. Aligonga mara mbili akasema "mpwa wangu, umenifungia?" Nikajibu "ndio mjomba, kwa faida yako." Akanyamaza.

Jumamosi anatetemeka mwili mzima, jasho mpaka godoro limelowa, anatapika uji. Tukasema sumu inatoka hiyo, safi. Nakumbuka kabisa nilisema "safi". Bibi ndo akasema mpeni hata kikombe kimoja jamani, mwanangu anakufa. Nikamjibu bibi kwa ukali, na mimi sijawahi kumkalia bibi yangu ukali kabla wala baada ya siku hiyo.

Jumapili alfajiri tukasikia kishindo. Tumefungua, mjomba yuko sakafuni, macho juu, mwili umekakamaa kisha unarushwa rushwa, povu, kajikojolea. Degedege la mtu wa miaka hamsini na kitu. Kama dakika mbili hivi, kwangu ilikuwa mwaka. Tukampeleka zahanati kwa pikipiki, amekaa katikati tumembana. Wakampima malaria hana, wakampa dawa za maumivu tukarudi. Hakuna aliyeuliza kama anakunywa na sisi hatukusema, tuliona aibu. Nyumbani mmoja akasema ni majini, akaitwa mzee wa dua, akasoma, akaondoka na kuku. Na mimi, mtu wa mjini, nikamrudisha mjomba chumbani nikafunga tena. Niliona tukiacha sasa hivi mateso yote yatakuwa ya bure.

Usiku wa Jumapili ndo ule. Mimi nililala mlangoni kwa nje. Kama saa nane nikasikia anaongea, sauti ya kawaida kabisa, ya kazini. Nikachungulia na tochi ya simu. Mjomba amechuchumaa katikati ya chumba anaokota korosho. Hamna korosho. Anaokota, ananyofoa bibo, bibo anatupa kushoto, korosho anaweka kwenye kiroba ambacho hakipo kulia kwake, anafunga mdomo wa kiroba, anavuta kingine. Vidole vinakwenda vile vile kama porini, haraka, hakosei. Akaniona akasema "njoo usaidie, kabla mvua haijanyesha, na hao siafu watoe." Siafu ukutani anawaona yeye. Mwili wa moto, moyo unapiga mpaka unauona shingoni, na haelewi kama ni usiku wala yuko wapi, akawa ananiita jina la baba yake. Nikaingia nikachuchumaa nikaokota naye. Sikujua kingine cha kufanya. Tumeokota korosho za hewa mpaka adhana ya alfajiri, nadhani viroba kumi na kitu, na aliniambia mara moja "hicho hakijajaa".

Kulipokucha akapita mama mmoja nesi mstaafu, anakaa nyumba ya tatu, alikuja kuazima kinu tu. Akamtazama, akauliza swali moja: "mara ya mwisho kunywa lini?" Nikasema Ijumaa. Yule mama aliweka kinu chini. Akasema tafuteni gari sasa hivi, sio baadaye, na mkifika mseme ukweli.

Tukapata Noah. Hospitali wakamtundikia dripu, wakamchoma vitamini B1, wakampa diazepamu, dawa ya kutuliza, ya mshipani, wanampima kila saa, alilala siku mbili kama mtoto. Daktari kijana alinieleza nje kwenye benchi na sijasahau. Pombe inaupoza ubongo, mtu akinywa kila siku kwa miaka ubongo nao unajikaza zaidi ili usizimike, sasa ukiiondoa ghafla ule mkazo unabaki peke yake, hauna kinachouzuia. Kutetemeka kunaanza masaa machache baada ya glasi ya mwisho, degedege mara nyingi ndani ya siku mbili, na kuweweseka kule na kuona vitu huja siku ya pili mpaka ya nne. Asipotibiwa anaweza kufa. Nikamuuliza kwa hiyo bibi alikuwa sahihi, angepewa kikombe? Akatabasamu akasema bibi alijua tatizo, dawa ndo hakuijua, ila alikuwa karibu na ukweli kuliko wewe.

Naomba msinielewe vibaya, sisemi mkawape walevi pombe kama tiba. Nasema anayezimua kila asubuhi haachishwi kwa komeo, anaachishiwa hospitali, na dawa zenyewe sio za ajabu.

Sasa turudi kwenye swali maana nimeenda mbali. Vijana wa unga, yaani heroini, mjini tunawaona, sitawatetea, sindano inaleta ukimwi na homa ya ini, na akizidisha anaacha kupumua basi. Lakini hebu angalieni kitu kimoja. Arosto ya unga, yale mateso ya kuukosa, inamliza mtu, anajikunja, anaharisha, anataka kufa, ila mara chache inamuua yenyewe. Ya pombe inaua. Na teja tunasema ni mgonjwa, methadoni, dawa ya kuwaachisha unga, ilishaanza Muhimbili tangu 2011, ila wa nipa tunamwita mlevi tu, anachekwa, anafungiwa na wapwa zake. Dunia nzima hesabu za WHO, Shirika la Afya Duniani, za mwaka 2019 ni vifo milioni 2.6 kwa sababu ya pombe, na vya dawa za kulevya laki sita. Hizo hesabu zinajumlisha ajali na saratani na kila kitu, na wanywaji ni wengi kuliko watumiaji wa unga, kwa hiyo mtu anaweza kunibishia hapo, abishe.

Mjomba yu hai. Alipopigwa utrasaundi ini lilikuwa na mafuta mengi na makovu yameanza, wakamwambia mafuta yanaweza kuondoka akiacha, makovu ni magumu zaidi kurudi nyuma, kazi ni kuzuia yasiongezeke. Ameacha nipa, alirudia mara mbili, akaacha tena. Siku aliyotoka hospitali hakuniambia neno. Aliomba bisibisi, akaling'oa lile komeo, akajaza matundu ya misumari kwa udongo, akalainisha kwa kidole kama mtu anayepiga plasta nyumba ya maana. Mpaka leo hatujawahi kulizungumzia. Nikimsalimia shikamoo mjomba anaitika marahaba mpwa wangu, vile vile kama zamani, na hiyo ndo inanichoma zaidi kuliko angenitukana.

Kwa hiyo andikeni jibu langu ni pombe. Na ile habari yangu ya uraka kuwa kinywaji cha wazee naifuta nusu, maana kilichoko ndani ya uraka na nipa ni kitu kile kile, kimezidiana wingi, na WHO walishasema mwaka 2023 hakuna kiasi ambacho unaweza kukiita salama kwa afya, saratani inahusika humo. Nusu nyingine siwezi kuifuta, nitakuwa muongo. Oktoba nikipanda Newala na mama mkwe akanitilia kikombe nitapokea kwa mikono miwili, na nitakunywa. Kimoja, labda viwili. Ila kesho yake asubuhi nitaitazama mikono yangu kabla sijashika chai.