Maswali yenu kuhusu waelimishaji rika chuoni

Tangu niseme nasomesha vijana wa chuo hapa Malindi waongoze vikao vya wenzao kuhusu kabila, dini na ulemavu (ndo hao waelimishaji rika), maswali yamekuwa mengi. Najibu yaliyojirudia.

Kwa nini aongoze mwanafunzi, mwalimu yuko wapi? (Mzazi, Barani)

Mzazi wangu, mbele ya mwalimu kila mtu atasema sisi sote ni ndugu, wakitoka nje ndo utasikia ya moyoni. Mwenzao hana maksi mkononi, analala nao hosteli moja na anajua nani hasalimiani na nani. University of Michigan kule Marekani wana midahalo ya namna hii tangu 1988 na wanafunzi wanaiongoza, ila wanasomeshwa kwanza. Usimpe mtu kikao ati kwa sababu ana mdomo.

Si mtatuletea ukabila ambao haupo? (Kijana wa Ngala)

Upo, kaka. Ingia kantini saa saba uangalie meza, Wagiriama na Wachonyi huku, Wabajuni kule, waliotoka bara wako karibu na mlango na lugha yao. Kukaa na wa kwenu si kosa, hata mimi nakaa, shida ni pale kazi ya grupu inapogawanywa na wa bara anaachiwa kutaipu tu au wa Magarini anachekwa matamshi mpaka anyamaze muhula mzima. Allport, mwanasaikolojia Mmarekani, aliandika 1954 kwamba kuchanganya watu peke yake hakutoshi, lazima wawe na hadhi sawa, lengo moja, wasaidiane na wakubwa wa mahali waunge mkono. Ndo maana vijana wetu wanaanza na kazi. Ramadhani grupu moja ilipewa futari ya wanafunzi wote, wa dini zote wamo, kijana wa Kitui akakalishwa kwenye mbuzi akakuna nazi mpaka vidole vikauma na yeye huyo huyo ndo alishika pesa na kwenda sokoni, yani hakuwa msaidizi wa mtu, na chakula kilipoiva watu walikaa palipo na nafasi.

Mimi ndo Msanye pekee darasani, kila mada naambiwa "tueleze nyinyi mwaishije". Nimechoka.

Pole sana dada, na una haki kabisa ya kusema leo sisemi. Hili nawakazania waelimishaji rika kuliko yote: usimgeukie mtu mmoja awe msemaji wa kabila zima, uliza swali kwa wote, anayetaka kujisemea ajisemee. Wakitaka kujua wazee wenu waliishije kabla Tsavo haijafanywa mbuga 1948 na uwindaji wao ukawa kesi, wamwalike mzee kwa heshima na wamlipe nauli. Wewe ulienda chuo kusoma.

Mtu akitoa tusi la kabila kikaoni tufanyeje?

Simamisha hapo hapo, bila kelele. Mwambie neno hilo limeumiza, muulize alimaanisha nini, na aliyetukanwa apewe nafasi kwanza. Akirudia, mpeleke kwa mkuu wa wanafunzi, kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza kubagua mtu kwa kabila, dini, ulemavu hata mavazi. Mwelimishaji rika si polisi.

Tuna mwenzetu kiziwi, aje tu asome slaidi?

Hapana jamani! Tafuteni mkalimani wa lugha ya ishara kabla hamjatangaza tarehe, asipopatikana wiki hiyo sogezeni kikao, na mwenzenu aulizwe mwenyewe angependa kukaa wapi ili amwone vizuri.