Njano si mafuta: kwa wageni wa maabara ya lipesi

Kila kundi jipya likiingia, friza inajaa mutanti "bora" za lipesi (kimeng'enya kinachovunja mafuta), yaani lipesi zenye jeni iliyobadilishwa, ambazo hazijawahi kuonja tone la mafuta. Wadogo zetu, tunawapenda, lakini hili limezidi.

1. Acheni kuchuja mutanti kwa pNP-butireti, esta fupi inayoachia paranitrofenoli (pNP) ya njano ikivunjwa. Tunajua kwa nini mnaikimbilia: ina kaboni 4, inayeyuka bila matata, na pleti inakuwa njano kabla chai haijapoa. Ila lipesi nyingi zina mfuniko juu ya kituo tendaji, unaofunguka kimeng'enya kikigusa mpaka wa maji na mafuta. Butireti iliyoyeyuka haina mpaka huo, kwa hiyo mnachuja esterasi (vimeng'enya vya esta fupi zinazoyeyuka) bila kujua. Mshindi wenu akikutana na trioleini, mafuta halisi yenye minyororo ya kaboni 18, anaduwaa.

Tumieni pNP-palmiteti, yenye mnyororo mrefu. Iyeyusheni kwenye isopropanoli, mmimine taratibu kwenye bufa yenye Triton X-100 na gamu arabiki huku mkikoroga, na iwe vuguvugu muda wote. Ikipoa inaganda, mchanganyiko unakuwa kama maziwa, na mashine inasoma ukungu mkidhani ni rangi. Washindi wachache warudieni kwa pH-stati (mashine inayoongeza NaOH kufidia asidi inayotoka, ili pH isibadilike) na mafuta ya mzeituni. Msishuke hadi pH 7, maana hapo asidi ya oleiki haijaachia protoni zote na NaOH itahesabu pungufu.

Halafu kuna yule anayepima pH 6 na pH 8 kisha anatangaza mutanti "inayopenda alkali". Paranitrofenoli ina pKa ya kama 7.1, kwenye pH 6 sehemu kubwa haina rangi kabisa. Kilichopenda alkali ni rangi! Tengenezeni mstari wa kulinganishia kwa kila pH, au someni nm 348. Na msisahau kisima kisicho na kimeng'enya: pH ikifika 9, esta inavunjika yenyewe.

2. Gaweni utendaji mliopima kwa miligramu za protini. Njano zaidi mara nyingi ni protini zaidi tu.

3. Mkiweka kodoni za nasibu za NNK (N ni besi yoyote, K ni G au T) kwenye nafasi moja ya protini, okoteni koloni 94 ili mfikie asilimia 95 ya kodoni. Nafasi mbili zinataka kama 3,000. Koloni 20 hazitoshi kusema "nafasi hii haina maana". Kundi la Reetz, mwaka 1997, lilipandisha E (kipimo cha jinsi kimeng'enya kinavyochagua umbo moja kati ya mawili ya kioo, R na S) ya lipesi ya bakteria Pseudomonas aeruginosa kutoka 1.1 hadi 11.3 kwa mizunguko minne ya PCR yenye makosa (kunakili jeni kwa makosa ya makusudi). Walichuja kwa esta ya asidi ileile waliyoitaka, R na S zikipimwa kando. Hawakuchuja kwa butireti.

4. DpnI, kimeng'enya cha kukata plasmidi ya mzazi baada ya PCR, haikati plasmidi iliyotoka kwenye bakteria wasio na dam (kimeng'enya kinachoweka methili kwenye DNA, alama ambayo DpnI huitafuta). Koloni zote zikiwa na jeni ya mzazi isiyobadilika, anzieni hapo.

5. Someni mfuatano wa jeni nzima, si pale mlipogusa tu.