Porto Cervo kwa mfuko mdogo

Dada, umeuliza kama wewe na shemeji mnaweza kuiona Porto Cervo, mji wa bandari wa matajiri kule Sardinia, kisiwa cha Italia, bila kufilisika. Mnaweza, ila msilale palepale. Tafuteni chumba miji ya jirani, Olbia au Arzachena, asubuhi mpande basi la ARST, kampuni ya mabasi ya umma ya kisiwa. Kutembea gatini hakuna kiingilio. Yoti za mabilionea mtazitazama bure, mabaharia wakisugua sitaha.

Pesa inaliwa mezani. Kahawa inyweeni mmesimama kaunta, kama Waitaliano wenyewe. Mkikaa tu kitini, bili inapanda. Maji na mikate nunueni supamaketi kabla ya kuondoka. Julai na Agosti msithubutu. Septemba maji bado yana joto na vyumba vimeshuka bei.

Pandeni hadi kanisa la Stella Maris, lenye kuta nyeupe. Ukiwa nje unaiona bandari chini. Kisha Spiaggia del Principe, ufuko wa umma, taulo lenu latosha. Mchanga msiubebe hata kichupani: faini inaanzia euro 500.